Mashine Haina Undugu na Samir

Landless, Thika
3 Februari 1998

Kwa ndugu yangu Uthman,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau itakukuta. Sisi huku hatujambo. Mvua imepungua kidogo, lakini ukuta wa choo ulioanguka Desemba bado umelala palepale. Fundi anakuja kila Jumatatu kuutazama, anatikisa kichwa, anakunywa chai, anaenda. Waceke wa mlango wa pili amepata mtoto wa kiume, ana sauti kama ya kwako ulipokuwa mdogo, maskini mama yake. Firdaus anakusalimu. Bado anashona sare za shule pale sokoni.

Idi imepita. Sahani yako niliifunika mpaka alasiri, halafu nikampelekea Waceke. Tangu niolewe hujawahi kukosa Idi kwangu, hata mwaka ule ulipovunjika mguu ulikuja kwa mkokoteni. Basi nikapiga simu dukani kwa Jeconia, jirani yako. Akaniambia, "Yupo hapa nje, namwona." Nikamwambia akuite. Nikasikia kabisa akikuita. Akarudi kwenye simu akasema, "Mama, anakupungia mkono." Uthman, tangu lini mtu akapungia simu mkono?

Lakini hilo silo lililonishikisha kalamu. Firdaus amepata posa. Kijana anaitwa Ahmad, anatengeneza friji, wazazi wake wanakaa Kahawa Sukari. Nilipomuuliza Firdaus anasemaje, alikubali haraka hadi nikamwambia arudi chumbani, atoke tena polepole.

Sasa, baba yetu hayupo, na Samir ndugu yetu alituachia binti huyu mmoja bila kaka. Walii wake, wa kumwoza, ni wewe. Nadhani hujasahau Samir alivyokwambia pale kitandani kwa jina lako la utani, akiwa hawezi tena kusema ila kwa midomo: "Utamwoza wewe, Redio, na useme kwa nguvu, mpaka nisikie huko niliko." Wenzetu wanataka kukuona katikati ya Machi, na nikahi iwe baada ya Idi kubwa. Niandikie ni siku gani utakuja.

Dada yako,
Amida


Ruiru
15 Februari 1998

Dada yangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Barua yako imenifikia jana. Kosa ni la Ndambuki, yule ndugu yetu wa msikitini asiye na meno ya mbele, anayeendesha gari la mkate kati ya Ruiru na Thika. Aliitia mfukoni mwa koti, jua likawaka, akaacha koti nyumbani. Mvua iliporudi akavaa koti na barua ikafika. Kwa hiyo siku ukiwa na haraka, omba mvua.

Mimi sijambo. Ploti yangu ya Murera imegeuka bwawa, na nikikosa kazi nitafuga vyura. Nywele zinaendelea kuniaga moja moja, kwa heshima, kama wageni wa harusi. Tangu mama watoto afariki sina wa kunificha ukweli kuhusu kisogo changu, basi kioo kinasema kinavyotaka.

Kuhusu Idi, nisamehe. Kazi ilinibana. Na simu ya Jeconia ina kelele, haifai mazungumzo ya watu wazima.

Acha nikupe habari ya huku. Unamjua Becky, mwenye chuo cha kompyuta, yule aliyenikodisha kona ya mlangoni kwa taipureta yangu na mashine ya fotokopi. Ameleta kompyuta mpya yenye spika mbili, na ndani yake kuna programu ya ajabu. Unaandika maneno, unabonyeza, na kompyuta inayasoma kwa sauti! Hakuna mtu aliyerekodiwa, dada. Inatazama herufi na kuzitamka yenyewe. Kisha unaiambia ihifadhi ile sauti, inakuwa faili, kama barua iliyofungiwa kabatini, ila hii ukiifungua inaongea.

Ina walakini wake. Faili la sauti ni zito ajabu, sentensi mbili tu zinajaza diski nzima, hivyo tunavuta waya kutoka kompyuta hadi redio kaseti na kunasa kwenye tepu. Halafu imefundishwa Kiingereza peke yake. Ukiiandikia Kiswahili sawasawa inasoma kama mmishonari aliyeshuka jana. Inabidi uiandikie ovyo ndipo iseme vizuri, na mimi, kama walimu wangu walivyothibitisha, nina kipaji cha kuandika ovyo. Sauti zenyewe unachagua: ya mwanamume, ya mwanamke, ya roboti, hata moja ya kunong'ona. Hiyo niliipita mbio. Nani anahitaji kompyuta inayonong'ona?

Nakutumia kaseti yenye salamu. Usiogope.

Na Firdaus! Mwambie nimefurahi hadi nimeharibu karatasi tatu za mteja. Huyo Ahmad kama anaweza kutuliza friji, atamtuliza na yeye. Siku ikifika, maneno yatasemwa. Usiwe na wasiwasi.

Mimi ndugu yako,
Uthman


Landless, Thika
1 Machi 1998

Uthman,

Assalaam aleikum. Sisi wazima. Fundi amekuja tena, safari hii na mwenzake. Sasa wanatikisa vichwa wote wawili.

Kaseti ilifika ikiwa imebanwa kati ya mikate. Nilikuwa na Waceke na mtoto, nikaitia redioni, ghafla mzungu mwenye mafua akaniita "Dada Amida" ndani ya nyumba yangu. Mtoto alilia mpaka jioni. Firdaus ameisikiliza mara tatu, anasema, "Anko amebamba!" yaani umewafurahisha vijana. Mimi sikucheka. Nilitaka kukusikia wewe, nikaletewa mtu asiyenijua anayetaja jina langu kama anasoma kibao cha barabarani.

Sasa nisikilize. Umeandika kwamba maneno yatasemwa. Yatasemwa na nani?

Baba yake Ahmad anakuja Jumapili tarehe kumi na tano, yeye na ndugu zake. Ni mtu wa heshima lakini hana subira, hata chai anaipuliza kabla haijamiminwa. Ameshaniuliza mara mbili, "Huyu walii yuko nchi gani?" Nikamwambia Ruiru. Akasema, "Ruiru hii? Au kuna nyingine?"

Na Ndambuki ananiambia siku hizi akikusalimu huitikii, unagonga meza kwa rula. Nikamuuliza kwa nini. Akasema labda ndiyo fasheni ya ofisi.

Njoo tarehe kumi na tano. Usiandike, njoo.

Amida


Ruiru
10 Machi 1998

Dada yangu,

Waaleikum salaam. Mpe pole mtoto wa Waceke. Mwambie hata mimi mara ya kwanza nilitaka kulia, ila nilikuwa mbele ya wateja.

Huku ni salama. Vyura wa Murera wamezaana, nitakuletea hesabu yao siku moja.

Nimekuwa nikishughulikia sentensi moja wiki nzima. Hutaamini kazi iliyomo ndani ya sentensi moja. Ukitaka mashine ipumzike pahali pa kupumzika, unaweka mkato. Ukiweka mmoja inakimbia, ukiweka mitatu inalala usingizi. Nilipoipata sawasawa, umeme ukakatika kabla sijahifadhi, ikapotea yote. Nikaanza upya. Becky anasema, "Mzee Uthman, sentensi gani hii inakutesa hivi?" Nikamwonyesha kwa ishara kwamba ni ya mteja.

Sasa kuhusu Jumapili. Sitaweza, dada. Nina mafua mabaya, koo limekauka. Daktari amenikataza, yaani yule wa duka la dawa hapa chini, amesema mafua ya namna hii yanataka mtu atulie. Mpe baba yake Ahmad salamu zangu nyingi na umwambie namkubali kijana wake kwa moyo wote. Mwambie nitafika tu. Ukipenda mpikie pilau yako, asahau kama kuna mtu amekosekana.

Nifanyie hivyo, tafadhali.

Uthman


Landless, Thika
20 Machi 1998

Uthman,

Assalaam aleikum. Hatujambo. Ukuta ni vilevile.

Wageni walikuja. Pilau walikula. Nilitoa salamu zako kama ulivyoniagiza. Baba yake Ahmad alinawa mikono taratibu sana, akasema, "Mama, mtu anayekubali huja akasema. Walii asiyekuja ni walii aliyekataa, ila ana adabu." Ahmad mwenyewe alikuwa anatazama mkeka. Wametupa mpaka Idi kubwa. Baada ya hapo, amesema, kila mtu ashike njia yake, na wasilaumiane.

Zamani Firdaus akishona ulikuwa ukimsikia akiimba. Sasa nasikia cherehani peke yake. Jana alikaa mbele ya cherehani akaniuliza, "Shangazi, kwani Anko ameambiwa nini kibaya kuhusu Ahmad?"

Jumanne nilikuja Ruiru. Usiniulize nilikuja kununua nini. Nilisimama ng'ambo ya barabara karibu na kile kibanda cha viazi. Nilikuona kwenye kona yako. Mwanamke mmoja alikuwa akikuuliza jambo, na wewe ukawa unamwandikia jibu kwenye karatasi. Akauliza tena, ukaandika tena. Na shingoni umevaa skafu, jua lile.

Nilisimama pale. Kisha nikarudi nyumbani. Sikutaka kuingia mahali ambapo sijakaribishwa.

Sina maswali mengi, Uthman. Nina moja tu. Uji unapita kooni?

Dada yako


Ruiru
27 Machi 1998

Dada Amida,

Uji unapita. Ugali unapita. Chapati za Becky, ambazo hazistahili kupita popote, nazo zinapita. Nimeanza na hilo bila hata salamu, kwa sababu najua hutasoma kingine kabla ya hilo. Sasa, assalaam aleikum, kaa chini.

Sauti ilianza kukwaruza mwezi wa Oktoba. Nikadhani ni vumbi la karatasi. Novemba ikawa inakuja na kuondoka. Desemba, nilipokwambia nina kazi Nairobi, nilikuwa hospitali, wakanitoa kinundu kooni. Kipande kimepelekwa kupimwa. Kila nikienda naambiwa majibu bado, njoo tena. Na sauti yenyewe daktari hana hakika kama itarudi, ama kiasi gani. Kwa sasa amenikataza kusema, hata kunong'ona amekataza, anasema kunong'ona kunachosha kidonda kama kupiga kelele. Kwa hiyo yule uliyemzoea tangu utotoni, mliyempa jina la Redio kwa sababu hakuzimika, amezimwa.

Sikukwambia kwa sababu Samir alianza hivi hivi, kwa sauti. Na ni wewe uliyemlisha kwa kijiko hadi siku ya mwisho. Sikutaka ukashike kile kijiko tena bila sababu. Ningekuja Idi, ungejua kabla sijavua viatu.

Ndipo Becky alipoleta ile kompyuta, nikaona nimeokoka. Sentensi iliyonitesa si ya mteja. Ni yangu: "Nimekuoza Firdaus binti Samir, kwa mahari mliyokubaliana." Nikasema siku ikifika nitabeba redio kaseti, nitashika mkono wa Ahmad, nitabonyeza, na maneno yatatoka kwa nguvu, mpaka Samir asikie. Wengine wacheke wakitaka.

Sasa fika kwenye balaa, na hili, dada, lisome peke yako.

Jumatano sentensi ilikamilika. Nikafungua faili, nikazidisha sauti ya spika ili nione kama itasikika ukumbini. Nilisahau kwamba kulikuwa na watu wa fotokopi, wanaume wawili wa msikiti wetu, na Ndambuki ndiyo kwanza anaingia kuuliza kama nina barua. Mashine ikasema, kwa sauti ya kutikisa vioo, "Nimekuoza Firdaus binti Samir, kwa mahari mliyokubaliana." Na Ndambuki, unamjua kwa mzaha, akavua kofia, akaweka mkono kifuani, akasema, "Nimekubali!"

Watu wote wakacheka. Mimi nikakumbuka mafundisho yetu. Si tumefundishwa tangu madrasa kwamba ndoa haina mzaha, kwamba anayeoza kwa utani ameoza? Walii nilikuwepo, kidole changu ndicho kilichobonyeza. Mashahidi wawili walikuwepo, wanaume, Waislamu, na fotokopi zao mkononi. Nilitaka kupiga kelele, "Hapana! Ni majaribio!" Nikafungua mdomo, dada, hakikutoka kitu. Nikapunga mikono. Ndambuki akadhani nampongeza, akanikumbatia.

Sijalala sawasawa tangu siku hiyo. Nimemwoza mtoto wa Samir kwa dereva wa mkate mwenye mke na wajukuu? Nenda kwa Maalim Zacharia wa msikiti wenu umuulize. Mwambie ni habari ya mtu fulani. Mpelekee na kaseti ya ile sentensi, nimeitia humu. Uliza pia kama kwa njia hiyohiyo naweza kumwoza kwa Ahmad.

Bahasha nimeibandika gundi mara mbili. Anayeileta ni bwana harusi mwenyewe.

Uthman


Landless, Thika
4 Aprili 1998

Ndugu yangu Redio,

Waaleikum salaam. Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyosema. Kisha nikaenda uani nikalia pale kwenye ukuta ulioanguka, maana ndipo pahali pa faragha. Halafu nikafika kwenye habari ya Ndambuki nikacheka, halafu nikalia tena, nisijue ni kipi nakifanya. Ungekuwa karibu ningekupiga na mwiko. Umekaa na jambo hili tangu Oktoba, peke yako, unanipa habari za vyura! Mimi ndiye wa kuchagua ni kijiko gani nitashika. Usinichagulie tena.

Firdaus nimemwambia. Kwanza akasema, "Kumbe hajamkataa Ahmad," kisha akaanza kulia kwa ajili yako. Habari ya Ndambuki sijamwambia. Itasubiri mpaka awe na watoto.

Nilikwenda kwa Maalim. Nikasema kuna mtu fulani. Akasema, "Ndugu yako amefanya nini?" Nikamweleza yote. Akataka kusikia kaseti. Alisikiliza, akairudisha, akasikiliza tena akiwa ameinamia redio, akauliza, "Huyu mzungu ni nani?" Nikamwambia si mtu, ni mashine imesoma maandishi. "Aliyeandika alikuwa akimtaja Ndambuki?" Hapana. "Alikuwa akimwoza mtu saa ile?" Hapana, alikuwa anapima spika. Basi akafikiri, akakuna ndevu, akasema hivi, nakuandikia neno kwa neno: "Mashine haina nia, na haina undugu na Samir. Ndambuki arudi kwa mkewe."

Nikamshukuru Mungu hapohapo. Kisha nikauliza lile la pili. Akanitazama. "Mama Amida, mlango ni mmoja. Nikiufunga kwa Ndambuki, nimeufunga na kwa Ahmad. Kaseti hii siitaki kwenye nikahi."

Amesema unaweza kuandika na kusaini, umpe mwanamume mwingine uwakili, yeye aseme kwa niaba yako. Ni halali, wala haina aibu. Nilipokuwa nakunja leso kuondoka akauliza, "Pumzi yake inatoka? Akinong'ona, aliye karibu anasikia?" Nikasema sijui, kakatazwa. Akasema, "Kunong'ona nako ni kusema. Wanaotakiwa kusikia ni bwana harusi na mashahidi wawili, si mtaa mzima. Lakini amuulize daktari kwanza. Sitaki kuozesha hapa na kuzika pale."

Kwa hiyo uamuzi ni wako, wakili au wewe. Nimewaona wakwe, nimewaeleza unaumwa. Baba yake Ahmad aliona haya, akainywa chai ikiwa ya moto. Wamekubali Jumapili tarehe ishirini na sita, baada ya swala ya alasiri.

Na majibu ya kile kipande, je? Usipoyafuata wewe, nitayafuata mimi, nikae kwenye benchi lao na masufuria yangu.

Amida wako


Landless, Thika
29 Aprili 1998

Ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Wageni wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe isipokuwa moja ambalo kila mtu analikana. Firdaus yuko Kahawa Sukari kwake. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Cherehani yake nimeifunika na khanga.

Uliondoka mapema na lile gari la Becky, umeniandikia kikaratasi, "Nitakueleza." Hujanieleza. Wewe ulikuwa sebuleni na wanaume, mimi nilikuwa chumbani na Firdaus na kina mama, nyuma ya pazia. Ngoja nikwambie tulichosikia huko. Tulimsikia Maalim akimaliza hotuba. Tukamsikia akisema, "Sogeeni." Viti vikakwaruza. Halafu kimya. Kimya, Uthman, sijawahi kusikia kimya kama kile katika nyumba yenye watu. Firdaus alinishika mkono mpaka pete ikaniumiza. Waceke akaninong'oneza, "Ameanguka?" Nilikuwa nimeshasimama nije.

Ndipo tukasikia neno moja. Moja tu: "Samir." Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, siitambui. Mara Ahmad akasema, "Nimekubali," na watu wakaanza kuomba dua.

Nani alilisema lile jina? Nimewauliza watatu, kila mmoja ananiambia nikuulize wewe.

Na majibu?

Amida


Ruiru
6 Mei 1998

Dada yangu,

Waaleikum salaam. Sufuria liko kwangu. Becky alilitia kwenye gari likiwa na pilau ndani, na sikuwa na sauti ya kumkataza. Ndiyo faida ya ugonjwa huu.

Nilimuuliza daktari, kwa maandishi. Alisoma, akacheka, akaandika na yeye, ingawa yeye anaweza kusema: "Sentensi moja. Si hotuba." Basi nikaibeba ile sentensi kutoka Ruiru kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Ulichosikia kikikwaruza ni viti vya mashahidi. Maalim aliwaita wakae magoti kwa magoti na mimi. Mmoja alikuwa mjomba wake Ahmad. Wa pili, usicheke, alikuwa Ndambuki. Alikuwa ameleta mikate, Maalim akamvuta mkono akasema, "Wewe leo ni shahidi tu, umesikia? Usikubali kitu chochote." Ndambuki mpaka leo hajui kwa nini Maalim alimwambia hivyo.

Nikamshika Ahmad mkono. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho, nikampenda kwa hilo. Wakaweka masikio mdomoni pangu, huku na huku, kama watoto wanaotaka kuambiwa siri. Baba yake Ahmad akalalamika, "Sisi huku hatusikii!" Maalim akamjibu, "Si wewe unayeoa."

Nikaanza. "Nimekuoza" ikatoka, upepo mtupu. "Firdaus" ikatoka. "Binti", na hapo koo likafunga. Nilikuwa na pumzi, lakini njia haikuwepo. Hicho ndicho kimya mlichokisikia. Sijui kilikuwa kirefu kiasi gani. Nilifikiri, sentensi yenyewe ni moja, nimepewa moja, nikiikata hapa sina nyingine. Nikamwona Ndambuki amefumba macho, midomo inacheza, ananisaidia kusukuma. Ahmad hakuvuta mkono wake. Na mimi sikuwa nikimfikiria Ahmad tena, nilikuwa pale kitandani, namwona Samir akisema kwa midomo, na sisi tumemwinamia, hivihivi, tupate kumsikia.

Uliuliza nani alilisema lile jina. Ni mimi. Lilitoka na sauti. Sijui lilitoka wapi, sikulipangia mkato wala nukta. Iliyobaki, ile ya mahari, ilirudi kuwa upepo, lakini walionihusu walisikia.

Majibu nimeyapata juzi. Ni kinundu tu, dada. Si kile cha Samir. Nilimfanya daktari aandike kwa herufi kubwa, kisha nikaipiga fotokopi, nakala yako hiyo hapo ndani. Sauti anasema itarudi kidogo kidogo, labda si yote. Nimeruhusiwa maneno machache kwa siku, kama dawa.

Pamoja na barua kuna kaseti. Safari hii hakuna kompyuta, nimebonyeza kitufe cha kurekodi na kukaa mbele ya redio mwenyewe. Usizidishe sauti, utasikia mchakacho wa tepu tu. Zima jiko, mwambie Waceke amshike mtoto, kisha usogee.

Ndugu yako,
Uthman


Landless, Thika
14 Mei 1998

Uthman,

Jua lilikuwa kali, Ndambuki akaacha koti nyumbani, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Karatasi ya daktari nimeibandika ukutani, ukuta uliosimama. Kaseti niliiweka, nikazima jiko, nikasogea mpaka sikio likagusa redio. Mara ya kwanza sikupata kitu. Mara ya pili nikapata.

Umeniita jina langu, na umelisema kama anayenijua.

Sasa nyamaza, upone. Idi ijayo sahani yako itakuwa mezani, na mimi nitakaa kiti cha karibu.

Dada yako,
Amida